UZI: Sola, joto na ahadi za megawati. Historia ambayo midahalo yetu inairuka

Msimu wa kampeni ukifika huku kwetu Kombewa, ahadi ya sola haikosi. Leo ni taa za sokoni, kesho ni pampu ya maji, keshokutwa ni zahanati itakayowaka usiku kucha. Wagombea wanashindana kwa namba: huyu anataja megawati, yule anataja paneli ngapi kwa kila wadi. Halafu sisi tunahamia hapa mtandaoni kupigania hizo namba mpaka usiku wa manane. Huu uzi si wa kumtetea mtu wala kumponda mtu. Sitataja jina, sitataja chama. Nataka tuongee kuhusu kitu kimoja ambacho hizo namba hazikisemi, nacho ni joto. Ni mrefu, kwa hivyo wenye haraka mjiweke alama mrudi baadaye. Twende.

Kwanza wati ni nini. Geuza paneli yoyote uangalie lebo ya nyuma. Ikiandikwa wati 300, hiyo 300 imepimwa kwenye maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, na seli zenyewe zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Soma hapo tena. Si hewa iwe nyuzi 25. Ni seli, kile kisilikoni cheusi chenyewe. Sasa niambieni, ni lini mliona kitu cheusi kikikaa juani saa saba mchana hapa Seme kikabaki na nyuzi 25?

Hesabu yake si ngumu, na mimi nasoma sayansi ya siasa, si uhandisi, kwa hivyo nikiiweza nyinyi pia mtaiweza. Paneli ya kawaida, jua likiwa kali na hewa ikiwa nyuzi 30, hufika nyuzi 60 hivi. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4. Kutoka 25 hadi 60 ni nyuzi 35. Zidisha, unapata 14. Maana yake ile 300 yako imekuwa 258 saa ileile jua linapowaka zaidi, saa ile kila mtu anadhani paneli inafurahia. Hapo bado hatujahesabu vumbi, nyaya nyembamba wala betri iliyochoka.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akasema "tutaweka kilowati 100", anaongea kuhusu lebo. Huenda hadanganyi. Lakini anaongea kuhusu lebo. Angalieni mtambo wa Garissa, uliofunguliwa Desemba 2019. Paneli zake kwa jumla ni karibu megawati 55, ila kwenye gridi unajulikana kama mtambo wa megawati 50. Watu walishawahi kubishana hapa kwamba hizo tano "zimeliwa". Hazijaliwa. Wahandisi huweka paneli nyingi kuliko kiwango cha kupeleka kwenye gridi kwa sababu wanajua paneli hazitoi namba ya lebo kila saa, na joto ni mojawapo ya sababu kubwa. Na Garissa ni moto kuliko huku kwetu. Kwenye rasharasha za ufisadi (ambazo nyingine ni za kweli, sikatai), hii moja si hoja.

Sasa historia, kwa sababu tatizo hili si jipya na suluhisho lake pia si jipya.

Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Delaware kule Marekani kilijenga nyumba iliyoitwa Solar One. Aliyeisimamia alikuwa mwanafizikia Karl Böer. Paneli ziliwekwa juani kwenye paa, na hewa ikapitishwa nyuma yake. Ile hewa ilifanya kazi mbili: ilichukua joto kutoka kwenye paneli ili zisilegee, kisha hilo joto likapelekwa ndani ya nyumba na kuhifadhiwa kwenye chumvi zinazoyeyuka. Umeme na joto kutoka sehemu moja. Hiyo ndiyo paneli mseto. (Hapana, si kama serikali ya mseto, ingawa nitarudi hapo, kwa sababu hata huku kuna washirika wawili wanaovutana.)

Mwaka huohuo wa 1973 bei ya mafuta ikapanda ghafla baada ya vita vya Mashariki ya Kati, na kwa miaka michache serikali za nchi tajiri zikamwaga pesa kwenye utafiti wa jua. Makala za kisayansi kuhusu paneli mseto za hewa na za maji zikaanza kutoka mfululizo kati ya 1976 na 1979. Halafu miaka ya 1980 mafuta yakashuka bei, nafuu ya kodi kwa sola za majumbani Marekani ikaisha mwishoni mwa 1985, na hamu ikapoa. Hapa ndipo ninapotaka wafuasi wa siasa mkae makini. Teknolojia haikufa kwa sababu ilishindwa. Ilikosa mwenye kuihitaji kisiasa.

Na ilikuwa na kasoro ya kuzaliwa, kwetu sisi. Ilibuniwa kujibu baridi ya watu wengine. Joto la nyuma ya paneli lilikuwa na kazi Delaware kwa sababu Januari kuna theluji. Nani Kombewa anataka hewa ya nyuzi 45 iingizwe sebuleni? Kwa hivyo teknolojia ilipovuka bahari kuja kwetu, nusu moja ilisafiri, ile ya umeme. Nusu ya joto iliachwa bandarini, tuseme hivyo.

Ile nusu ya umeme ilifikaje hapa? Watu wengi mnadhani sola Kenya ilianza na zile za kulipa kidogokidogo kwa simu. Hapana. M-KOPA ilianza kuuza 2012, na wakati huo soko letu lilikuwa na umri wa mtu mzima. Mwaka 1984, Wamarekani wawili, mhandisi Harold Burris na mwalimu wa kujitolea Mark Hankins, walifunga sola kwenye Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, Meru. Wakafundisha mafundi wa huko. Walimu wakaona taa zinawaka shuleni bila jenereta, wakataka za nyumbani. Wakulima wa kahawa na chai walikuwa na pesa, stima ya gridi haikuwa karibu, na televisheni ndogo ya volti 12 ilikuwa inauzwa. Basi. Hakuna mheshimiwa aliyekata utepe.

Mpaka 1996 watafiti Richard Acker na Daniel Kammen walikuwa wanaandika kuhusu sola ya Kenya kama mapinduzi ya kimya. Nyumba za vijijini zilizojinunulia sola zilikuwa zinalinganishwa na zile zilizounganishwa na mradi wa serikali wa stima vijijini, ambao ulikuwepo tangu 1973, na sola ndiyo iliyokuwa mbele. Mnaponisikia nikinung'unika kila mtu anapodai kwamba "serikali fulani ilileta sola Kenya", ni kwa sababu ya hii miaka. Sola Kenya ililetwa na watu waliochoka kungoja.

Lakini soko bila msimamizi lina bei yake. Paneli iliyouzwa zaidi miaka ya 1990 ilikuwa ndogo, wati 12 hivi, ya aina ya silikoni isiyo na fuwele. Ilikuwa rahisi. Na ikapata jina baya: feki. Vipimo vilivyofanywa mwaka 1999 vilionyesha kwamba baadhi ya chapa zilitoa nguvu karibu na ilivyoandikwa, na nyingine zilikuwa chini vibaya. Mnunuzi dukani hakuwa na njia ya kutofautisha. Tena aina hii ya paneli hupoteza sehemu ya nguvu yake miezi ya kwanza ikipigwa na jua, jambo ambalo Staebler na Wronski walikuwa wameligundua tangu 1977. Kwa hivyo hata ile nzuri, mwenye nayo aliiona ikipungua, akaita feki.

Kioja ni kwamba hiyohiyo silikoni isiyo na fuwele haiumizwi sana na joto. Inapoteza karibu nusu tu ya kile ambacho paneli za fuwele hupoteza kwa kila nyuzi. Watu wakaikimbia kwa sababu ya jina, wakaenda kwenye paneli za fuwele, ambazo ni bora kwa mambo mengi, nakubali, lakini ndizo zinazolia zaidi mabati yakiwaka. Na hakuna aliyewaambia.

Mabati ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi katika habari hii yote. Tembea kutoka stendi ya Kombewa ukielekea Bondo uangalie mapaa. Utaona paneli nyingi zimelazwa moja kwa moja juu ya mabati, zimepigiliwa zikakaa kama kiraka. Nyuma hakuna hewa. Mabati yanapata moto, paneli inapata moto, vinapashana. Inua hiyo paneli kiganja kimoja tu, sentimita 10 hivi, uache chini na juu wazi, na hewa itaanza kupanda yenyewe kwa sababu hewa ya moto hupanda. Mchana kuna upepo unaotoka ziwani kuja nchi kavu, na huo ni bure. Hutahitaji feni wala mkopo. Ni vyuma vinne vya pembeni na fundi anayejua. Hiyo peke yake inarudisha sehemu ya ile asilimia 14.

Je, sheria inamwambia fundi afanye hivyo? Hapo tuingie kwenye siasa yenyewe.

Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni mbili za sola. Moja ilihusu kupasha maji: jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku litumie jua kwa angalau asilimia 60 ya mahitaji yake ya mwaka. Ya pili ilihusu umeme wa sola: mafundi wapewe leseni kwa madaraja, waagizaji na wauzaji nao wasajiliwe. Mwaka mmoja, wizara moja, jua moja, karatasi mbili. Joto kwenye faili hii, umeme kwenye faili ile. Wenye majengo ya mijini walilalamikia ile ya maji moto, ikawa vita ya mapangishaji na gharama. Ile ya umeme ikawa vita ya leseni. Kifaa kinachotoa vyote viwili hakina faili. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kukizuia. Ndivyo urasimu unavyofanya kazi: kisicho na faili hakipo.

Kodi nayo, hii mnaijua kwa sababu inarudi kila Juni tukisoma mswada wa fedha. Sheria ya VAT ya 2013 iliondoa msamaha, paneli zikaanza kutozwa asilimia 16. Mwaka 2014 msamaha ukarudi. Julai 2020, katikati ya korona, ukaondolewa tena, asilimia 14 wakati huo. Mwaka 2021 ukarudi tena. Mara nne ndani ya miaka minane! Mwenye duka la sola Kisumu anaagiza mzigo leo bila kujua kodi ya mwezi ujao. Kila upande bungeni umewahi kuwa upande wa kuitoza na upande wa kuisamehe, kwa hivyo kabla hujamtupia mwenzako jiwe kwenye hii, kagua kumbukumbu za kura.

Ila kuna jambo ambalo sijaona likijadiliwa. Msamaha unahusu vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo, na sheria inataja paneli, vidhibiti chaji, inveta, betri. Kitu kinachoifanya paneli ifanye kazi vizuri zaidi bila kuwa paneli, yaani mfereji wa hewa nyuma yake, mapezi ya alumini ya kutoa joto, feni ndogo ya volti 12, hakimo kwenye orodha hiyo. Tunasamehe kodi ya kununua wati na tunatoza kodi ya kuzilinda.

Sasa turudi ziwani, maana hapa ndipo ile nusu iliyoachwa bandarini ingepata kazi.

Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa. Kwa miaka mingi ilikuwa karabai za mafuta ya taa, na mafuta hayo yalikula faida. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ilifungua kituo Mbita, ng'ambo ile ya Homa Bay, cha kukodisha taa zinazochajiwa kwa sola. Baadaye taa za LED na betri zikaenea sana ufukweni. Hiyo ni sola ikisaidia kuvua. Lakini hasara kubwa ya omena huja baada ya samaki kufika nchi kavu.

Omena huanikwa juani, wengi juu ya nyavu zilizotandazwa chini. Siku ya jua zuri, wanakauka siku hiyohiyo. Mvua ya Machi hadi Mei ikija, au wingu la mchana tu, wanaoza, wananuka, wanaingiwa na mchanga, na mzigo wa chakula cha binadamu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Anayebeba hiyo hasara mara nyingi ni mama aliyenunua kwenye mtumbwi asubuhi, tena kwa deni. Mwenye mtumbwi ameshalipwa.

Angalieni namba. Paneli ya mita mbili za mraba inapokea karibu wati 2,000 za jua saa sita. Inatoa wati 400 za umeme ikiwa nzuri. Kiasi kidogo cha mwanga kinarudi angani. Kilichobaki, zaidi ya wati 1,400, ni joto tupu tunalolichukia. Na samaki mdogo anahitaji nini ili akauke vizuri? Hewa kavu kiasi, yenye joto la nyuzi 40 na kitu, inayopita mfululizo. Ikizidi sana anaiva nje na kubaki na maji ndani. Hewa inayotoka nyuma ya paneli mseto iko hapohapo. Joto linaloua umeme wa paneli ndilo linaloweza kuokoa omena.

Usikimbilie kushangilia bado. Nilisema kuna washirika wawili wanaovutana. Ukitaka hewa itoke ya moto sana, lazima uipitishe polepole, na paneli itabaki ya moto. Ukitaka paneli ipoe, pitisha hewa nyingi kwa kasi, nayo itatoka ikiwa vuguvugu tu. Huwezi kuwapa wote wawili wanachotaka. Nyumba ya Delaware ilikuwa na mvutano huo. Bahati yetu ni kwamba omena wanapenda hewa nyingi ya vuguvugu kuliko hewa kidogo ya moto, kwa hivyo mvutano unapungua. Haumaliziki.

Feni nayo ina siasa yake. Hewa ni mbebaji dhaifu wa joto. Kwa ujazo uleule, maji hubeba joto karibu mara 3,500 zaidi. Kwa hivyo unashawishika kuongeza kasi. Lakini ukitaka kuongeza mwendo wa hewa mara mbili, feni inahitaji nguvu karibu mara nane. Inafika mahali feni inakula ule umeme iliotumwa kuuokoa, kama ofisi ya kupunguza matumizi inayonunua magari mapya. Ndiyo maana watafiti tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakihangaikia umbo la mfereji: kina chake, mapezi ya ndani, hewa ipite juu ya paneli kisha chini yake. Yote ni kutafuta baridi zaidi bila feni kubwa zaidi. Mtu atauliza, si tutumie maji basi, ziwa liko hapa? Inawezekana, na maji hupoza vizuri zaidi. Lakini maji yanavuja, yanaacha magadi na tope kwenye mabomba, yanataka pampu na fundi wa bomba. Hewa ikivuja, imevuja, hakuna aliyelowa. Kwa ufuo ambao fundi yuko kilomita 30, mimi ningechagua hewa.

Na jua lisipowaka? Kifaa hiki kinapata joto kutoka palepale kinapopata umeme. Siku ya wingu zito, vyote vinashuka pamoja. Atakayewauzia paneli mseto kama dawa ya msimu wa mvua anawauzia hadithi. Inachoweza ni kuongeza saa: zile siku za jua la kukatikakatika, za unyevu mwingi, ambapo kwenye wavu wa chini samaki asingemaliza kukauka kabla ya jioni. Na kabla hujafika huko, kuna kichanja cha kuinua samaki juu ya mchanga, ambacho ni miti na waya tu. Ufuo usio na vichanja haujafika kwenye mjadala wa paneli mseto. Nasema hivi kwa wale wenzangu wa kupenda teknolojia kuliko watu.

Sasa swali la mdahalo: kazi ya nani?

Hapa mabishano huwa ya kelele tupu kwa sababu kila mtu anaitupa kwa mwenzake. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sera ya nishati iko kwa serikali ya kitaifa. Usambazaji wa stima ndani ya kaunti na sehemu ya usimamizi wa nishati umetajwa pia kwa kaunti. Uvuvi uko chini ya kilimo, kwa kaunti. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Kwa hivyo kikaushio cha omena kinachotoa umeme kina kila sababu ya kuwa kazi ya kaunti, na kaunti ina kila sababu ya kusema "hiyo ni ya Nairobi" bajeti ikibana.

Mtu atadai kuna miradi mikubwa ya sola ya kitaifa. Ipo. Ule wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2017, wa dola milioni 150, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, kuanzia Turkana na Mandera mpaka Kwale. Kisumu haimo. Nayo hoja ya kutuacha nje inaeleweka: sisi tuna nguzo za stima. Mradi wa kuunganisha nyumba uliozinduliwa 2015 ulishusha ada kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyaya zikafika vijiji vingi vya Seme. Kwenye ramani, tumeshahudumiwa. Lakini waya unaopita barabarani haukaushi samaki ufukweni, na bili ya hita ya stima hakuna mama wa omena atakayeilipa. Ramani inauliza kama kuna stima. Haiulizi stima inafanya nini.

Mimi nikipewa maikrofoni kwenye kikao cha bajeti cha wadi, sitauliza megawati ngapi. Nitauliza mambo ya kuchosha. Paneli za zahanati zitafungwa umbali gani kutoka kwenye mabati, na je, umbali huo umeandikwa kwenye zabuni? Nani atapima nguvu saa saba mchana baada ya mkandarasi kuondoka, badala ya kusoma lebo? Na kama kikaushio kitajengwa ufukweni, umeme wake unaenda kuchaji taa za wenye mitumbwi au kuendesha feni za akina mama? Kwa sababu saa nane mchana, wingu likipita, hautatosha wote wawili, na kamati ya ufuo itabidi iamue. Viti vya hiyo kamati mnajua vinakaliwa na nani.

Wanaotaka kubishana kuhusu ile hesabu ya 14, leteni joto la seli zenu, si joto la hewa. Thermomita ya jikoni haitoshi. Niko hapa mpaka stima ipotee.